Jogoo anawika saa tisa usiku na majirani wamechoka: usimchinje kwa hasira, mnenepeshe kwanza

Mfugaji wa Likombe (mwenye uzi)

Habari zenu wakuu, hasa wa Mtwara na Lindi.

Jambo hili nimeliona mitaani kwetu hadi limenichosha. Jogoo anaanza kuwika saa tisa usiku, jirani analalamika, mwenye jogoo anaona haya, kukicha tu kisu. Mchana familia inakaa mbele ya sufuria la mifupa. Nyama kamba tupu, mchuzi hauna hata tone la mafuta, na gole (mfuko wa chakula wa shingoni) lilipopasuliwa lilikuwa na vipande vya nailoni kutoka jalalani. Kuku huyo alipona mdondo, akapona mwewe na kicheche, akalelewa nyumbani miezi yote hiyo, halafu analiwa vibaya kwa ajili ya hasira ya asubuhi moja. Mimi inaniuma kweli.

Ninachoomba ni hiki: nenda kwa jirani, msalimie vizuri, mwombe wiki tatu. Mwambie wazi kwamba jogoo anaondoka, na mchuzi ukiiva bakuli lake lipo. Sijaona jirani aliyekataa hilo. Wiki hizo tatu zikitumika sawasawa unapata kuku wa maana.

Kwanza mjue umri wake, maana kila kitu kinategemea hapo. Mshike, mlaze kwapani, pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari hadi ncha yake ya nyuma, kuelekea tumboni. Ikiwa ncha hiyo inapinda kama sikio lako ukilikunja, huyo bado ni pora. Ikiwa ngumu, haipindi kabisa, ameshakomaa. Halafu tazama kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu. Pora ana kidude kifupi, butu. Jogoo wa zaidi ya mwaka kipi kimerefuka na kuchongoka.

Pora wa miezi mitano hadi saba ndiye wa kunenepesha. Anaongeza nyama na mafuta kwa pamoja, na nyama yake bado laini. Jogoo mzee utamlisha, ataongeza mafuta, lakini ulaini haurudi, kwa sababu nyuzi zinazoshikilia misuli hukazana kadiri umri unavyokwenda. Hilo chakula hakiliondoi, linaondolewa na moto mdogo wa muda mrefu jikoni. Usimlaumu mkeo wala dagaa uliomlisha.

Pili, mfungie. Jogoo anayezurura anakimbiza tetea, anapigana na majogoo wa jirani, chakula chote kinaishia miguuni. Kizimba cha mita moja kwa mita moja kinamtosha. Kiwe na kimo cha kumwezesha kusimama wima, kivuli, upepo wa kupita, na sakafu kavu yenye pumba za mpunga au maranda. Joto la huku kwetu mnalijua. Kuku aliyefungiwa kwenye boksi chini ya bati anahema mdomo wazi mchana kutwa na hali kitu. Maji safi yawepo muda wote.

Tatu, chakula. Mafungu matatu ya mahindi yaliyoparazwa au mtama, fungu moja la mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Ya alizeti yanapatikana kwenye maduka ya pembejeo, na kama una jirani mwenye mashine ndogo ya kukamua ufuta, mashudu yake ni mazuri mno. Machicha ya nazi baada ya kukamua tui mpe siku ile ile, yakilala yanachacha. Majani mabichi kidogo, mchicha au matembele. Changarawe ndogo weka pembeni, maana ndizo zinazomsagia chakula kwenye firigisi, na aliyefungiwa hawezi kwenda kuzitafuta.

Kiasi ni gramu 100 hadi 130 kwa siku, asubuhi na jioni. Mara ya tatu, kabla hajalala, mpe konzi ya mahindi matupu.

Karibuni tujadili.

Fundi wa Chuno

Mkuu, umeeleza vizuri ila mimi naona gharama. Wiki tatu za mahindi na mashudu kwa kuku mmoja! Si bora nimuuze kwa wale wanaopita na matenga, ninunue kilo ya samaki?

Mfugaji wa Likombe

Fundi, piga hesabu. Gramu 120 mara siku 21 ni kama kilo mbili na nusu za chakula, wiki zote tatu. Machicha ya nazi na mabaki ya jikoni hununui. Hata kama lengo lako ni kuuza, usimuuze amekonda. Mnunuzi anamshika kidari kabla hajataja bei, akikuta mfupa umesimama kama ukingo wa kisu umeshashindwa. Na ukiweza subiri hadi karibu na sikukuu, au wakati watoto wanatoka jandoni na unyagoni. Siku hizo jogoo mwenye mwili anatafutwa, hatafuti mnunuzi.

Binti Mikindani

Nashukuru kwa uzi. Swali langu ni la hizo wiki tatu zenyewe. Mimi jirani yangu ni muuguzi, anafanya zamu za usiku, akirudi asubuhi anataka kulala. Kuna njia ya kumnyamazisha jogoo? Nimesikia ukimfungia gizani hawiki. Wengine wanamfunga kitambaa shingoni.

Mfugaji wa Likombe

Kitambaa shingoni usijaribu, dada. Kuku hatoki jasho, anapoza mwili kwa kuhema. Ukimbana koo kwenye joto hili unaweza kuamka umkute amekufa, na huyo si halali kuliwa.

Giza linasaidia, lakini halimalizi. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Nagoya kule Japani, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura, walichapisha mwaka 2013 utafiti kuhusu jambo hili. Waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, usiku na mchana, na bado waliwika ilipokaribia alfajiri. Saa ipo ndani ya mwili wake. Mwanga na sauti za majogoo wengine vinamchokoza awike zaidi, lakini hata bila hivyo muda ukifika anajua.

Kwa hiyo cha kufanya ni kupunguza vichokoo. Kizimba kihamie upande wa mbali na dirisha la jirani. Usiku mwingize stoo au jikoni la nje, penye kuta na giza ila hewa inapita, umtoe jua likishapanda. Kwa huyo muuguzi mwambie umtoe saa ngapi ili asipate usumbufu akirudi. Kama una majogoo wawili, kumbuka wanaitikiana. Watafiti hao hao walionyesha mwaka 2015 kwamba mkubwa wa kundi ndiye anayeanza, na wadogo wanafuata kwa zamu ya vyeo vyao. Ukimwondoa mkubwa, wa pili anashika nafasi yake. Wengi wanachinja mmoja wakashangaa kelele ziko pale pale.

Mama wa Shangani

Wanangu, hamjambo. Naona mnasema mashudu na mahindi, sijaona mtu amesema habari ya samaki.

Huku pwani tunawapa kuku vichwa vya dagaa, uduvi, na matumbo ya samaki. Kuku wanapenda na wanakua haraka. Lakini jogoo wa kuchinja, wiki mbili za mwisho samaki mwondolee kabisa. Nyama inashika harufu. Utaweka tangawizi, utaweka ndimu, ukifunua sufuria unanusa vumba. Mgeni anakula kwa heshima tu.

Na ng'onda, samaki wa chumvi waliokaushwa, mabaki yake msiwape hata wadogo. Chumvi nyingi inaua kuku. Atakunywa maji, ataharisha, atalegea miguu, mtasema mdondo kumbe chumvi.

Mfugaji wa Likombe

Shikamoo mama. Ahsante sana, hapo umenikamilishia. Protini ya wiki ya kwanza itoke kwa dagaa kidogo kama wapo, au mchwa wa kichuguu. Baada ya hapo mashudu peke yake.

Kijana wa Ruangwa

Na korosho je? Msimu huu mama anabangua nyumbani, vipande na zile zilizoungua zinabaki nyingi tu.

Mtaalamu Mifugo, Nachingwea

Nimekuwa nasoma kimya kimya, hapa naomba niseme.

Vipande vya korosho iliyobanguliwa ni chakula kizuri cha kunenepesha, kina mafuta mengi. Changanya na mahindi, visizidi sehemu moja kwa kumi hivi, la sivyo anaharisha na mafuta yanajaa tumboni badala ya kwenye nyama. Maganda ndiyo hatari. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, wabanguaji mnajua yanavyofanya vidole. Yakiingia kwenye utumbo wa kuku yanafanya hivyo hivyo. Pepeta vizuri kabla ya kumpa. Bibo, lile tunda la mkorosho, mpe lililokatwakatwa, jipya. Lililochachuka litupe.

Kuhusu muhogo, kwa sababu ndio chakula chetu kikuu: makopa yaliyokauka vizuri na kusagwa yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mahindi. Muhogo mchungu mbichi una sumu ya sianidi, na maganda yake ndiyo yenye nyingi zaidi. Usitupie kuku maganda mabichi. Na kwa vile muhogo hauna protini ya kutosha, ukiongeza makopa ongeza na mashudu.

La tatu nalisisitiza kwa sababu watu wanalidharau sana: mahindi au karanga zenye ukungu. Watu husema "haya hayaliki, wape kuku". Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu. Inaharibu ini la kuku, anakonda huku anakula, na sumu nyingine inabaki kwenye ini lake, ambalo wewe na watoto mnalila. Yafukie au yachome mbali na watu.

Siku ya kwanza ya kumfungia mpe dawa ya minyoo. Kuku anayezurura lazima ana minyoo, na bila hivyo unalisha minyoo. Soma kwenye pakiti muda wa kusubiri kabla ya kula nyama, uheshimu. Ndiyo maana dawa inatolewa siku ya kwanza, sio wiki ya mwisho. Antibiotiki usimpe kama si mgonjwa. Na akiumwa akapewa, hesabu ya siku za kusubiri inaanza upya baada ya dozi ya mwisho.

Wale mtakaobaki na kuku wengine, chanjo ya mdondo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, ndiyo maana inafaa vijijini kwetu ambako umeme si wa uhakika.

Fundi wa Chuno

Mtaalamu nakushukuru. Kuna mtu kaniambia mbuzi dume ukimhasi ananenepa na ananyamaza. Kwa nini jogoo asihasiwe? Na mwingine akasema vidonge vya uzazi wa mpango vinafanya kazi hiyo hiyo bila kisu.

Mtaalamu Mifugo, Nachingwea

Vidonge hapana, na narudia hapana. Ile ni dawa ya binadamu yenye homoni. Utakula wewe, atakula mtoto wako. Hakuna kuku anayestahili hatari hiyo. Hali kadhalika vidonge vya ARV ambavyo watu wanavizungumza vijiweni. Dawa hizo ni uhai wa mtu mwingine.

Kuhasi jogoo kupo. Ufaransa wana majogoo waliohasiwa wa Bresse wanaouzwa wakati wa Krismasi kwa bei kubwa. Asipokuwa na homoni ya kiume anatulia, hawiki kama mwenzake, anaweka mafuta hadi ndani ya nyama. Lakini kokwa za kuku hazining'inii nje. Ziko ndani, zimeegemea mgongo karibu na figo, jirani na mshipa mkubwa wa damu. Ni upasuaji wa kupenya ubavuni, unafanywa akiwa mdogo wa wiki chache. Uingereza wamepiga marufuku kwa sababu ya mateso yake. Jogoo wako ameshawika, umri huo umepita. Ukimpasua nyumbani unamuua kwa maumivu, basi.

Maalim wa Mtanda, Lindi

Assalaam alaykum. Naongeza jambo dogo linalohusu sisi Waislamu. Kuku anayekula najisi majalalani wanazuoni humwita jallala. Imepokewa kuwa Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kwa chakula safi kabla ya kumla. Kwa hiyo wiki tatu za mwenye uzi zimelipita sharti hilo kwa mbali, na hekima yake mnaiona wenyewe kwenye gole.

Kisu kiwe kikali, usikinolee mbele yake, na usimkimbize uwanja mzima kabla ya kumchinja.

Mfugaji wa Likombe

Wa alaykum salaam Maalim. Hilo la kutomkimbiza nalichukua nalo kwa upande wa nyama. Kuku aliyekimbizwa na kupapatika anatoka na nyama ngumu na damu haitoki vizuri. Aliyelala kizimbani unamchukua alfajiri ametulia.

Jioni ya kuamkia siku hiyo usimpe chakula, maji yabaki. Gole na utumbo vikiwa vitupu, kumsafisha ni rahisi na hakuna uchafu wa kumwagikia nyama. Maji ya kunyonyolea yawe moto wa kutoa moshi lakini yasitokote. Yakitokota ngozi inaiva na kuchanika unapovuta manyoya, na mafuta uliyoyatafuta wiki tatu yako chini ya ngozi hiyo.

Binti Mikindani

Na kupika? Nyumbani wanapika hapo hapo akishanyonyolewa, bado ana joto.

Mama wa Shangani

Mwanangu, hapo ndipo wengi mnapoharibu. Kuku akishachinjwa mwili unakakamaa, baadaye unalegea wenyewe. Ukimtia jikoni amekakamaa, utachochea mkaa mpaka uchoke. Mkate vipande, weka kwenye friji kwa saa tano, sita. Asiye na friji anunue barafu kwa wauza samaki, aweke kwenye ndoo yenye kifuniko, nyama ikiwa ndani ya mfuko isilowe maji. Usimwache mezani kwenye joto hili, ataharibika.

Kama ni mzee, mpake papai bichi lililotwangwa, na majani yake ukikosa tunda, pamoja na ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Utomvu wa papai unalainisha nyama. Saa moja au mbili zinatosha, ukilaza usiku kucha nyama ya juu inakuwa ujiuji.

Pora anafaa kuchoma kisha kupaka. Mchome kwa mkaa uliotulia, mafuta yake yanadondoka yenyewe na kuunukisha moshi, halafu unampaka tui zito lililochemka na bizari, ukwaju na pilipili, unamgeuza tena. Jogoo mzee msimchome jamani, ni kumwonea. Huyo mchemshe na tui la pili, sufuria imefunikwa, moto mdogo, saa mbili au zaidi, hadi nyama inaanza kuachana na mfupa wa paja. Hapo ndipo unatia tui la kwanza, unakoroga upande mmoja bila kufunika, likitokota mara moja unaepua. Ukilitia mapema linakatika. Mchuzi huo kwa ugali wa muhogo, au kwa ming'oko, vile viazi vya porini, kama ni msimu wake, hamtasahau.

Kijana wa Ruangwa

Mama umenitia njaa. Swali la mwisho kwa mwenye uzi: nina tetea watano na jogoo mmoja huyu tu mwenye kelele. Nikimla, mayai si yatakoma?

Mfugaji wa Likombe

Mayai hayakomi, mdogo wangu. Tetea anataga bila jogoo. Kinachokosekana ni mbegu, yaani mayai hayataangua. Lakini mbegu ya jogoo inakaa ndani ya tetea kwa wiki moja hadi mbili baada ya kutenganishwa, na inapungua nguvu kila siku.

Kwa hiyo usisubiri siku ya kuchinja. Siku unapomwingiza kizimbani ndiyo siku ya kuanza kuhesabu. Mayai ya siku saba zinazofuata yakusanye, yaandike tarehe kwa penseli, yaweke mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikiangalia chini, na uwekee tetea anayetaka kuatamia kumi au kumi na mawili. Yanaangua siku ya 21. Kwenye vifaranga hao utachagua jogoo mpya, na kama jirani yako ni mwema kama wa Binti Mikindani, mpe mtetea mmoja.